Mstari Uko Wapi?

Kitu cha kwanza nilichochora kwenye kompyuta nikalipwa kilikuwa yai. Mteja alikuwa ameagiza duara.

Alikuwa dereva wa bajaji, anataka stika ya kubandika nyuma: duara jekundu lenye namba ya kijiwe chao katikati. Mimi nilikuwa na siku ya tatu dukani, Manzese upande wa Darajani, na bosi alikuwa ameshuka Kariakoo kununua roli za stika. Sikutaka kumwambia mteja asubiri. Nikafungua Corel, programu yetu ya kuchorea, nikabonyeza F7, kitufe cha duara, nikashika kipanya, nikavuta huku nakadiria kwa macho mpaka nikaridhika. Kwenye skrini lilikuwa duara zuri tu. Nikalituma kwenye mashine ya kukatia, nikabandua mabaki, nikapokea shilingi 3,000. Yule kaka akatoka kwenda kuibandika palepale nje.

Nje kibarazani alikuwa anakaa mzee mmoja mchora mabango, wa enzi za brashi na makopo ya rangi. Ndiye aliyemfundisha bosi wetu kazi kabla kompyuta hazijaingia mtaani, kwa hiyo kibaraza kilikuwa chake na hakuna aliyemuuliza. Aliitazama ile stika kwa muda, akatoa uzi mfukoni, akaupima kutoka juu mpaka chini. Akaugeuza, akapima kushoto kulia. Uzi ukabaki upana wa kidole.

"Mwanangu, njoo," akaniita. "Hiki ulichomuuzia mwenzio ni yai."

Nikamwambia shikamoo, maana kwa aibu nilikosa jingine la kusema. Akaitikia marahaba huku anacheka. Dereva naye akacheka, akasema yai halina neno, abiria hawapimi. Lakini mimi lile yai lilinikaa. Liliendelea kupita Barabara ya Morogoro karibu mwaka mzima, na kila nikiliona nilikuwa naangalia pembeni.

Bosi aliporudi alinionyesha jambo ambalo lingenichukua sekunde moja. Ukivuta duara huku umeshikilia Ctrl, kompyuta haikuruhusu kutengeneza yai. Upana na urefu vinakwenda sawa. Mstatili nao ukishikilia Ctrl unakuwa mraba. Ila kuna mtego, na huu nimeuona ukiwanasa wote waliokuja baada yangu: lazima uachie kipanya kwanza, ndipo uachie Ctrl. Ukitanguliza Ctrl, umbo linarudi kufuata mkono wako, na mkono wako ni wa mtu. Unabaki unajiuliza mbona nilishikilia na bado limeenda kombo.

Mzee alisikiliza yale maelezo akiwa mlangoni. Yeye duara alilichora kwa msumari, uzi na chaki: msumari katikati, uzi unazunguka. Akauliza, "Sasa hiyo kompyuta yenu, msumari wake uko wapi?" Bosi akawa hana jibu. Siku mbili baadaye nilikuwa nachezea vitufe nikagundua kwamba ukishikilia Shift, umbo linaanza kukua kutoka pale ulipobonyeza kwenda pande zote, badala ya kuanzia kwenye kona. Nikatoka mbio. "Mzee, msumari nimeuona!" Shift ndiyo msumari, Ctrl ndiyo uzi usiolegea. Mpaka leo nikifundisha nasema hivyohivyo, na nadhani ni maelezo bora kuliko ya kitabu chochote.

Baada ya lile yai, bosi alinipiga marufuku kuandika neno lolote kwenye Corel kwa wiki mbili. Maumbo na mistari tu. F6 mstatili, F7 duara, F5 mstari, basi. Nilinuna. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekuja kujifunza kudizaini kadi za harusi zenye maua na dhahabu, sasa nakaa nachora vibox kama mtoto wa chekechea.

Zoezi alilonipa lilikuwa kanga. Hakutaka maua wala korosho, alitaka mifupa yake tu: mstatili wa nje, mstatili wa ndani unaotenganisha pindo na mji, na kisanduku chembamba cha jina kule chini. Mistatili mitatu. Nikasema hiyo ni kazi ya dakika moja. Nikachora, akaja, akakuza skrini mara ishirini. Pindo la kulia lilikuwa nene kuliko la kushoto. Kisanduku cha jina kilikuwa kimeegemea upande kama mlevi. Nikarekebisha kwa kusukuma kidogo kidogo, akakuza tena, bado. Nilirudia mpaka mchana ukaisha.

Ndipo akanikalisha. Akasema mchora mabango wa brashi anategemea mkono kwa sababu hana njia nyingine, lakini wewe hapo juu una visanduku vya kuandika namba. Kanga ina kama sentimita 150 kwa 110. Andika 150, andika 110. Pindo unataka sentimita 12? Basi mstatili wa ndani ni 126 kwa 86, usivute, andika. Halafu chagua yote miwili, bonyeza C, bonyeza E, kila kimoja kinakaa katikati ya mwenzake. Kazi ikawa ya dakika moja kweli.

Nilichojifunza pale kilinichukiza kidogo, nikiri. Nilikuwa naamini kuchora ni kipaji cha mkono. Kumbe nusu ya kazi hii ni kuukataza mkono usiingilie.

Sasa nifike kwenye bendera.

Mwezi wa tatu hivi, waendesha bodaboda wa kijiwe kimoja walitaka stika ndogo za bendera ya taifa, sentimita 9 kwa 6, za kuweka mbele kwenye kioo cha upepo. Bosi akaniachia. Nikaona nimepata nafasi ya kuonyesha akili. Bendera yetu ukiitazama kwa jicho la maumbo ni rahisi: mstatili wa kijani, pembetatu ya bluu inayokaa kwenye kona ya chini kulia, na mkanda mweusi wenye kingo za njano unaopanda kutoka kona ya chini upande wa mlingoti kwenda kona ya juu upande wa pili. Kijani na bluu nilimaliza upesi. Kwenye mkanda nikabuni ujanja wangu. Badala ya kuchora mkanda mweusi na kingo mbili za njano, nilichora mstari mmoja kutoka kona hadi kona, nikaupa rangi ya njano na unene wa milimita 24. Nikaunakili juu yake wenyewe, nakala nikaipa nyeusi, unene milimita 16. Nyeusi ikafunika katikati ya njano, zikabaki kingo mbili sawasawa, milimita 4 kila upande. Mistari miwili tu! Nilijiona mhandisi.

Kasoro ya kwanza niliiona mwenyewe. Mstari mnene unaoishia kwenye kona haukai ndani ya kona. Ncha yake imekatwa mraba, sasa kwenye kona ya bendera pembe zake zinatokeza nje ya mstatili. Nikahangaika nazo mpaka nikaelewa: ziache zitokeze bila woga, kisha fungia vyote ndani ya mstatili, kinachozidi kinafichwa. Stika zikatoka nzuri sana. Walichukua ishirini.

Wiki iliyofuata wakarudi. Wanataka ileile, ila kubwa, ya kutundika kijiweni kwao siku ya sherehe. Mita moja na nusu kwa mita moja.

Nikafungua faili, nikachagua vyote, kwenye kisanduku cha upana nikaandika sentimita 150. Umeme ulikuwa umeshakatika mara mbili asubuhi ile, kwa hiyo nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla haujakatika tena. Nikahifadhi kwenye fleshi bila kukagua. Nikapanda gari mpaka Kariakoo kwenye duka moja la kuchapisha mabango makubwa, nikawapa, nikalipia shilingi 15,000, nikakaa kwenye benchi kusubiri.

Bango lilipokuwa linatoka kwenye mashine nilidhani wino umekwisha. Kijani kubwa. Bluu kubwa. Na katikati kinapita kitu chembamba kama kamba ya viatu. Mkanda wa taifa zima ulikuwa na unene wa milimita 24, uleule wa kwenye stika, wakati bendera yenyewe imekua karibu mara 17. Ulitakiwa uwe sentimita 40.

Yule kaka wa mashine alilitazama, akanitazama, akasema taratibu, "Dada, hii ni bendera ya nchi gani?"

Nilirudi Manzese nimeikunja kwapani. Nilitegemea kufokewa. Bosi aliitandaza juu ya meza, akakaa kimya, akaniuliza swali moja: "Hapa mstari uko wapi?"

Nikaonyesha mkanda mweusi.

"Huo ni unene," akasema. "Nimekuuliza mstari."

Akafungua faili, akawasha mwonekano wa mifupa, ule unaoondoa rangi zote na unene wote. Njano ikapotea, nyeusi ikapotea. Kikabaki kiuzi kimoja chembamba kuliko unywele, kutoka kona mpaka kona. Ndio huo mstari. Una mwanzo, una mwisho, una mwelekeo, lakini upana hauna. Unene ni nguo uliyouvisha, na nguo ina namba yake mwenyewe: milimita 24 ni milimita 24, hata mwenye kuivaa akikua awe mti wa mnazi. Ukitaka nguo ikue pamoja naye, kuna mahali pa kuweka alama, unabonyeza F12, unachagua unene ufuate ukubwa wa mchoro. Au, na hii ndiyo njia anayoipenda yeye, unaigeuza nguo kuwa mwili: Ctrl, Shift na Q, mstari mnene unageuka kuwa umbo lenye kingo zake. Kuanzia hapo ni kipande kama kipande kingine, ukikuza kinakua.

Ile shilingi 15,000 ilikatwa kwenye posho yangu kwa awamu tatu. Sikulalamika.

Ningesema baada ya hapo sikurudia kosa, lakini ningekuwa naongopa. Nilirudia kwa sura nyingine, kwenye mashine ya kukatia.

Kuna mama mmoja anayefuata samaki Feri alfajiri na kuwakaanga jioni huku kwetu. Alitaka samaki wa stika kwenye kabati lake la vioo. Nikafurahi, kwa sababu samaki ni maumbo matupu. Unachukua maduara mawili makubwa, unayasogeza yapishane, unabakiza lile eneo yanapokutana: tayari mwili wa samaki, umechongoka mbele na nyuma. Mkia ni pembetatu. Jicho ni kiduara. Shavu nikachora mstari uliopinda, nikaupa unene wa milimita 5, rangi nyeupe. Kwenye skrini alikuwa changu wa kuvutia kabisa.

Kisu kilipomaliza kukata, nikavuta stika, mkia ukabaki kwenye karatasi. Nikavuta tena, mwili ukaja na mpasuko mmoja mwembamba shavuni kama mtu aliyechanjwa.

Mashine ya kukatia haijui rangi. Haijui unene. Inajua njia tu; pale penye mstari inapitisha kisu, basi. Mwili na mkia vilikuwa maumbo mawili yaliyolaliana, kwa hiyo kisu kilizunguka mwili wote, kisha kikazunguka mkia wote, na pale vilipolaliana kikakata katikati ya nyama. Na lile shavu la milimita 5? Unene si njia. Kisu kilipita mara moja kwenye uzi wa katikati kikaondoka zake. Lilikuwa somo lilelile la bendera, safari hii limeshika kisu.

Dawa ya mkia inaitwa kuchomelea. Ndivyo Corel wanavyoiita kwa lugha yao, na bosi akanipeleka kwa fundi wa mageti jirani nikaangalie: vyuma viwili vinawekwa pamoja, vinachomelewa, kiungo kinapotea, unabaki na geti moja. Maumbo mawili unayachagua, unayachomelea, mistari ya ndani inatoweka, inabaki kingo ya nje tu. Shavu nikaligeuza kuwa umbo, nikalitoa kwenye mwili. Samaki wa pili akatoka mzima. Mama akanilipa kwa kunipa na kipande cha nguru, jambo ambalo naliweka kwenye orodha ya malipo bora niliyowahi kupokea.

Kupinda ndiko kulikonichelewesha zaidi. Mistari iliyonyooka na maduara unaweza kuyajua kwa wiki mbili. Mstari uliopinda ulinichukua karibu miezi sita, na hata leo nikichoka mkono unarudi shule.

Kijana mmoja alitaka picha ya jahazi kwenye kibanda chake cha juisi. Ngalawa, majahazi, hayo nimeyaona tangu utotoni kule Kigamboni, tanga lake nalijua. Nikachukua kalamu ya kuchorea nukta, nikaanza kubonyeza kufuata umbo la tanga kichwani mwangu: tik, tik, tik. Nikamaliza nikawa nimeweka nukta kama arobaini. Tanga lilionekana limetafunwa na panya.

Mzee akapita nyuma yangu. Hajui Corel, hajawahi kushika kipanya, lakini tanga anajua. "Tanga lina pembe tatu," akasema. "Hizo nyingine umetia za nini?"

Nikafuta zote, nikaweka tatu. Ikawa pembetatu ya shuleni. Kisha nikachagua F10, kifaa cha kurekebisha nukta, nikageuza ubavu wa nyuma uwe wa kupinda, zikatokea zile fimbo mbili zenye vidoto nchani. Dukani tunaziita masikio. Sikio linaelekea kule mstari unakoondokea kwenye nukta. Ukilirefusha, mstari unashika mwelekeo huo kwa muda mrefu kabla ya kugeuka. Ukilifupisha, unageuka upesi. Nikavuta masikio yote mawili, tanga likajaa upepo. Sisemi kwa mfano. Lilijaa kweli, ghafla, hata mimi nilishtuka. Nukta tatu, masikio mawili, na lile tumbo la kaskazi likawa pale mbele yangu.

Tangu siku ile nikiona mchoro wa mwanafunzi umekunjamana sitazami kitu kingine, nahesabu nukta.

Mambo ya asili ya vitu hivi niliyapata kwa bahati, siku umeme ulipokatika jioni nzima. Kulikuwa na kijana wa chuo anachapisha ripoti yake, anasoma kompyuta, na kwa kuwa ripoti ilikuwa imekwama nusu kwenye printa akawa hana pa kwenda. Tukakaa kibarazani na mzee. Nikamuuliza swali lililonisumbua: kwa nini nikikuza picha ya WhatsApp mstari wa mshazari unaonekana ngazi? Maana hiyo ndiyo kazi yetu kubwa, mtu anakutumia nembo iliyopigwa picha kwenye bahasha, ikapitia makundi matano, anasema ikuze iwe ya bango. Huwezi. Unakaa unaichora upya, duara kwa duara.

Akasema skrini ni vijumba, na mstari wa mshazari hauwezi kupita katikati ya kijumba. Lazima uchague kijumba hiki au kile. Mwaka 1962 kulikuwa na mtu wa IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, Jack Bresenham, alikuwa na mashine ya kuchorea iliyounganishwa na kompyuta, ndugu wa mbali wa hii mashine yetu ya kukatia. Mashine ile ilijua kusogea hatua moja moja tu, na kompyuta za wakati ule zilikuwa nzito kwa hesabu za sehemu. Akabuni njia ya kuchagua kwa kujumlisha na kutoa namba nzima tu.

"Kama daftari la deni kwa Mangi," nikasema baada ya kunielezea mara ya tatu, na akakubali. Unataka mstari unaokwenda hatua 10 kulia na kupanda 3. Kila ukienda hatua moja kulia, unaandikiwa deni la 3. Hatua nzima ya kupanda ina thamani ya 10. Deni likipita nusu, yaani 5, unapanda ngazi moja na unalipa 10. Ukizidisha malipo, yanakuwa akiba. Unaendelea hivyo. Mwisho wa safari umepanda mara 3 kamili na deni ni sifuri. Mzee alichukua chaki akajaribu kwenye sakafu ya saruji, akafika mwisho, akahesabu, akatikisa kichwa. Zile ngazi kumbe si uchafu wa picha. Ni mstari uliofanya uwezalo.

Kijana akatuambia pia kuhusu Ivan Sutherland, aliyetengeneza programu ya kuchorea ya Sketchpad kwenye chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1963. Mtu alichora kwa kalamu ya mwanga moja kwa moja kwenye skrini, na ukiiambia mistari hii miwili iwe sambamba, inajinyoosha yenyewe. Nikafikiria Ctrl yangu. Zaidi ya nusu karne kabla ya lile yai langu, mtu alikuwa ameshagundua kwamba mkono unahitaji kushikwa.

Na masikio yetu yalitoka kwenye viwanda vya magari Ufaransa. Paul de Casteljau wa Citroën aliyapatia hesabu mwaka 1959, ila kampuni ikaifanya siri. Pierre Bézier wa Renault akaifikia kwa njia yake na kuitangaza, ndiyo maana jina lililobaki ni lake. Walikuwa wanatafuta namna ya kuiambia mashine umbo la bati la gari kwa namba chache.

Kisha akasema jambo lililomfanya mzee aache kunywa kahawa. Mistari ya Bézier ya aina tunayotumia haiwezi kutengeneza duara kamili. Ukiligeuza duara kuwa nukta na masikio, linakuwa vipande vinne, kila kimoja robo, na urefu wa sikio ni nusu kipenyo mara 0.5523. Inakaribia mno, lakini haifiki. Duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 10 linapotoka kwa kama milimita 0.027 pale linapozidi zaidi, chini ya unene wa unywele.

Mzee akanigeukia taratibu. "Kwa hiyo hata yale ya kompyuta ni mayai."

"Madogo, mzee."

"Mimi duara langu la msumari halikuwa yai."

Hakuna aliyembishia. Umeme ukarudi, ripoti ikatoka.

Sasa hivi nina laptopu yangu ya mtumba nyumbani, na humo natumia Inkscape, ambayo ni ya bure na ipo tangu 2003. Vidole vilisumbuka mwanzoni kwa sababu kila programu ina tabia zake. Kwa mfano, kwenye Corel ukichora mstari usiofunga, yaani mwanzo na mwisho havijakutana, rangi haiingii, isipokuwa umeiruhusu kwenye mipangilio. Unajua papo hapo kuna pengo. Inkscape inaijaza rangi hivyohivyo, kana kwamba pengo limefungwa. Inapendeza, lakini iliwahi kunipotosha: nembo imejaa rangi, nikadhani umefunga, kisu kikaenda kikaacha upande mmoja wazi. Nimejiwekea desturi ya kuzima rangi zote na kutazama mifupa kabla faili haijaondoka mkononi mwangu. Dukani nafanya hivyo pia, hata kwa kadi ya mwaliko, na wenzangu wananitania.

Mzee wa kibarazani bado yupo, macho yamepungua. Tulimchapia bango lake mwenyewe mwaka juzi, la kazi zake za zamani, na alitukataza katakata kunyoosha herufi alizochora kwa mkono. Tulifuata kila kiwimbi, nukta nyingi kuliko lile tanga langu la kwanza. Kazi ya siku mbili. Hakuna zoezi lililowahi kunisumbua kama hilo, kuchora kwa makusudi mstari ambao haukunyooka.

Ile bendera yangu ya mita moja na nusu haikutupwa. Bosi alisema hata ikiwa imekosewa bendera haifanywi turubai, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kabati la karatasi, na ndipo ilipo. Huwa inashuka mara moja moja. Akija mwanafunzi mpya, akishajua F6 na F7 na kuanza kutembea kifua mbele, bosi ananiambia, "Dada, hebu tuletee." Naishusha, napangusa vumbi, naitandaza mezani, kijani kubwa, bluu kubwa, na kamba ya viatu katikati. Bosi haelezi kitu. Anamsubiri aitazame, aitazame tena, kisha anamuuliza mstari uko wapi, na mimi naondoka kwenda kuchemsha chai, kwa sababu jibu huwa linachukua muda.